Tulivyomposa Kocha wa Mbele

Nilifukuzwa ukocha kwa heshima kubwa, tena nikakabidhiwa kalamu niandike kumbukumbu za kikao. Waswidi wangenitumia barua pepe ya mistari mitatu, na chini yake salamu za kirafiki. Sisi tulihitaji vikao viwili, masinia ya sambusa, mshenga mmoja na safari ya kwenda kula dagaa Sundbyberg, na mpaka leo hakuna mzee hata mmoja aliyenitamkia kwamba niliondolewa.

Timu yenyewe ilikuwa ya wasichana wa chuo kimoja cha watu wazima huko Hagsätra, Stockholm, mwisho wa reli ya kijani. Chuo kilitoa uwanja, mipira na jezi zilizopauka, makocha hakikutoa. Chama chetu cha Waswahili kikajitolea, kwa kuwa nusu ya wachezaji walikuwa mabinti zetu na mabinti wa ndugu zetu Wakongo, na kwa kuwa sijawahi kuona mwanamume wa kwetu aliyevuka miaka hamsini asiyejiona kocha. Mimi nilipewa washambuliaji. Sababu iliyotajwa kikaoni ni kwamba nilicheza winga ya kulia nikiwa sekondari Morogoro. Sababu ya kweli ni kwamba siku ya kugawana kazi ni mimi peke yangu niliyefika kwa wakati.

Siku tano za wiki natengeneza lifti, na lifti ukiipigia kelele haikusikilizi. Jumamosi uwanjani nilikuwa mtu mwingine. Nilitembea kando ya mstari na filimbi ambayo hakuna aliyenipa, nikapaza sauti, "Juu! Piga juu! Pembeni juu!" Huo ndio ulikuwa mfumo wangu wote wa ushambuliaji. Katika mechi tano tulipata bao moja, nalo alijifunga beki wa wapinzani aliyekuwa akimrudishia kipa wake mpira. Nililishangilia mpaka kofia ikaanguka, na kila aliyesimama karibu nikamweleza kuwa hayo ni matokeo ya presha tuliyoiweka.

Namba tisa alikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nyumbani kwetu Vällingby mimi namwongelesha Kiswahili yeye ananijibu Kiswidi, maneno machache, kama tangazo la treni. Anakula huku anatazama simu. Anapita koridoni amevaa vitu vya masikioni. Lakini uwanjani, kwa dakika tisini, nikimwita alilazimika kugeuka anitazame. Sitaficha kitu: niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo moja. Bao lilikuwa jambo la ziada.

Baada ya mechi tulirudi kwa treni moja, na yeye aliweka begi lake la jezi kwenye kiti cha kando yake. Mimi nilikaa ng'ambo, nikamchambulia makosa yake kituo baada ya kituo. Sikuwahi kujiuliza lile begi liliwekwa pale kwa ajili ya nini.

Jumapili moja asubuhi alikuja jikoni, akavua vile vya masikioni, jambo ambalo lilinitia hofu papo hapo. Akasema kwa Kiswidi, taratibu, "Pappa, tunataka kocha mwingine wa mbele. Tumeandika barua kwa mwenyekiti. Nimeiandika mimi. Nilitaka uisikie kutoka kwangu."

Nikamwambia, "Haya mama. Kunywa chai."

Alikaa kidogo akinisubiri niseme kingine. Nikamsogezea sukari. Akanywa chai, akaondoka. Mke wangu, aliyekuwa akikaanga mayai, hakugeuka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, akiyaambia mayai.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti akaitisha kikao. Mwenyekiti wetu ni mzee wa Tanga aliyestaafu udereva wa basi hapa Stockholm, mtu ambaye hata akikukanyaga anakuamkia kwanza. Mjumbe wa tatu alikuwa shemasi wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu, aliyeingia nchi hii mkimbizi na sasa ni msimamizi wa ghala. Kamati ilikuwa sisi watatu, mimi nikiwa katibu. Ilikuwa imeshaandaa harusi saba, misiba sijui mingapi, na haikuwahi kuajiri mtu.

Tulikutana kwenye darasa la chuo, ukutani pamejaa vitenzi vya Kiswidi. Mwenyekiti alianza na dua, shemasi akaongeza yake, halafu tukala sambusa kama vile ndizo zilizotuleta.

"Ndugu katibu," alisema mwenyekiti, "kazi yako tunaiona. Lakini mtu mmoja kubeba mzigo wote ule! Hata punda, ndugu yangu, hupumzishwa."

Nikaandika kwenye daftari: Katibu alifananishwa na punda.

Shemasi akanishika goti. "Papa, hakuna mutu anasema unatoka. Hapana. Unabakia. Tunatafuta tu mutu wa kukusaidia kidogo."

"Nitabakia kama nani?"

Wakatazamana. "Conseiller, mushauri," alisema shemasi. "Baba wa timu."

"Baba wa timu," alirudia mwenyekiti, akifurahi kama aliyeokota pete.

Nilijua kuhusu ile barua. Wao walijua kwamba huenda najua. Barua yenyewe ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mwenyekiti. Ncha yake niliiona kila alipoinama kuchukua sambusa. Ningeweza kusema, jamani, binti yangu ameshaniambia, tuendelee. Ila na mimi ni Mswahili. Kama wao wanaona haya kunichinja, kwa nini niwashikie kisu?

Nikapendekeza tuandike tangazo. Nilipendekeza kwa ubaya wa moyo, maana tangazo lingelazimika kutaja ni kazi gani inatangazwa. Mwenyekiti akashtuka. "Tangazo! Ndugu katibu, tangazo ni kuwavua watu nguo. Mtu wa maana hatangaziwi. Mtu wa maana huposwa."

Nilidhani anatania. Hakutania. Kwa dakika kumi wakapanga posa. Shemasi atakuwa mshenga, kwa sababu anamfahamu mtu mmoja wa Sundbyberg, mzaliwa wa Kigoma, anayefundisha mpira kwenye klabu ya Waswidi na anasifiwa. Kigoma ilitufaa wote: mwenyekiti akamhesabu Mtanzania mwenzetu, shemasi akamhesabu wa kwao kwa sababu ziwa ni lilelile. Mimi nitaandika barua.

Nikaiandika, Mungu anisamehe. "Tumevutiwa na mwenendo wako na malezi yako, nasi tunaleta ombi letu kwa unyenyekevu." Neno kocha halikuwemo. Neno washambuliaji mwenyekiti alilifuta kwa mkono wake, huku akinitazama kwa huruma, akaweka "lile jambo letu". Shemasi akasema barua ya namna hii haiendi uchi, akanunua kitambaa cheupe, akaifunga.

Siku chache baadaye, kwenye kikao cha pili, shemasi akarudi na jibu. Yule bwana alikuwa amefurahi, ametukaribisha nyumbani kwake, na kwa kuwa ameishi sana na Waswidi alikuwa ameambatisha karatasi mbili za wasifu wake wa kazi. Mwenyekiti akazipokea kwa mikono miwili. Akaitazama picha.

"Ana sura ya mtu mtulivu," alisema, akanipa mimi niziweke kwenye faili.

Nikazisoma. Zilikuwa za Kiswidi chepesi kabisa. Kocha wa makipa. Miaka tisa, klabu mbili, makipa watupu. Mtu huyu hakuwahi kumfundisha binadamu yeyote kufunga bao. Kazi yake yote ilikuwa kuzuia yasifungwe.

Nilisoma mara ya pili kuhakikisha. Mwenye macho haambiwi tazama, nilijiambia, na wenzangu wana macho manne, mawili yao yana miwani. Nikaziingiza karatasi kwenye faili, nikafunga faili, nikamwomba shemasi anisogezee chai. Ilikuwa chai tamu kuliko zote nilizokunywa mwaka ule.

Jumapili mchana tukaenda Sundbyberg tumevaa suti. Jirani mmoja wa Kiswidi tuliyepanda naye lifti alituuliza kama tunakwenda kwenye mazishi. Mwenyeji wetu alikuwa mrefu, mpole, mikono mikubwa ajabu. Ile mikono peke yake ingetosha kumwambia mtu kila kitu. Mke wake alikuwa amepika dagaa wa Kigoma kwa mawese, na ugali, na ndizi, na tulikula saa nzima bila mpira kutajwa.

Kisha maswali yakaanza. Mwenyekiti aliuliza ukoo wake. Aliuliza wazazi kama wako hai. Shemasi aliuliza anasali wapi, na kama ndoa ina amani, akamgeukia mke ili apate jibu la uhakika. Wakauliza kama baridi haimsumbui kifua. Bwana yule alijibu yote kwa adabu, ila niliona anazidi kushangaa, kama mtu aliyekwenda kupima macho akaambiwa avue viatu.

Mwishowe mwenyekiti akasimama. "Bwana, tumepita, tumeona ua katika bustani hii," alisema. "Timu yetu ni nzuri. Lakini kuna pengo. Sitalitaja pengo liko wapi, maana tuliokaa hapa tuna mioyo." Akanitupia jicho la upole. "Wewe ni fundi. Fundi haonyeshwi pengo."

Kama nisingekuwepo chumbani mle, angelitaja. Nataka hilo lieleweke. Neno moja tu, "mbele", lingetuokoa sote, na walilimeza kwa ajili ya kunistahi mimi, huku mimi nimekaa na ukweli wote kwenye faili juu ya magoti yangu.

Bwana akatazama mikono yake. "Wazee wangu, nimewaelewa," alisema. "Wanateswa na nini hasa? Mipira ya juu?"

Mwenyekiti alikuwa amenisikia nikipiga kelele za juu, juu, mechi tano mfululizo, na kuona mipira yote ikipaa kwenda msituni. "Hasa hiyo!" alisema. "Mipira ya juu imetumaliza!"

Dagaa wa mwisho niliyekuwa nikimtafuna akanikwama kooni. Mke wa mwenyeji akanipiga mgongoni, halafu, alipoona wazee wanapeana mikono, akapiga vigelegele. Basi tukawa tumeposa.

Jumamosi iliyofuata alifika Hagsätra na mfuko mkubwa. Wasichana walikuwa wamejipanga, binti yangu mbele yao. Bwana akawasalimia, akapiga magoti, akafungua mfuko na kumwaga nyasini jozi sita za glavu.

Kipa wetu, binti wa shemasi, ambaye tangu timu ianzishwe hakuna kocha aliyemkumbuka isipokuwa anapofungwa, aliweka mikono kichwani kwa furaha. Wengine wote walimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akanivuta pembeni kwa ncha ya koti.

"Katibu. Ile karatasi yake. Iliandikwa kocha wa nini?"

"Imo kwenye faili, mwenyekiti."

"Uliisoma?"

"Niliiweka kwenye faili."

Alinitazama kwa muda. Udereva wa basi miaka yote ile unamfundisha mtu kuona nani hajakata tiketi. Akaiachia ncha ya koti langu.

"Basi tumwambie," nilisema, nikijua jibu.

"Tumwambieje? Tumekula kwake!"

"Tumekula dagaa ya mutu," alisema shemasi, "mama akapiga vigelegele, leo tumwambie hapana? Jamais! Hata siku moja!" Akafikiri. "Tumuache huyu. Tutafute wa pili, wa mbele. Kamati ianze upya."

Nakiri nilikuwa na raha. Nilisimama nimefumbata mikono, nikiwaona wazee wazima wanatapatapa ndani ya heshima yao wenyewe, na nikahesabu: vikao vipya, posa mpya, miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu nani atasimama kando ya mstari? Baba wa timu. Na nani atageuka akiitwa?

Wakati huo binti yangu alikuwa ameshavuka uwanja. Akamfikia yule bwana, akampa mkono, akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida, sote tukisikia: "Karibu sana. Kuna kosa limetokea. Hatukuomba kocha wa makipa, tuliomba mtu wa kutufundisha kufunga. Nadhani walishindwa kukuambia kwa sababu baba yangu ndiye alikuwa na kazi hiyo, na alikuwepo."

Maneno yote ya vikao viwili na safari moja, aliyamaliza kabla shemasi hajavuta pumzi. Mwenyekiti akaangalia mawingu. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kamba moja ilikuwa imefunguka, nikainama kuifunga, nikaifunga kwa muda mrefu sana.

Nilisikia kicheko. Yule bwana alicheka mpaka akashika mlingoti wa goli. "Ndiyo maana waliniuliza kuhusu ndoa yangu!" alisema. Halafu akafuta macho, akaokota glavu kubwa kuliko zote, akazivaa. "Haya. Nani namba tisa? Nipige."

Binti yangu akapiga juu, pembeni juu, kama nilivyomfundisha. Mpira ukaenda msituni.

"Huo kipa anaupenda," alisema bwana. "Unamwokotesha mpira tu. Unajua sisi makipa tunaogopa nini? Mpira wa chini, hapa, kando ya mguu niliosimamia. Na unipige kabla sijasimama sawa. Wewe unasubiri nijipange, unanifanyia adabu. Usinifanyie adabu."

Akawafundisha hivyo saa mbili: chini, mapema, kando ya mguu. Miaka tisa amesimama golini akiwatazama washambuliaji, alijua kila kitu walichokosea. Mimi nilimwombea ashindwe. Nasema wazi, nilisimama kwenye nyasi za chuo cha watu wazima na kumwombea muumini mwenzangu ashindwe, na nyani nilikuwa mimi, kundu langu silioni.

Mechi iliyofuata ilichezwa hapohapo. Nilisimama nyuma, karibu na baiskeli, mikono mfukoni. Dakika ya kumi na kitu binti yangu akapokea mpira, hakuutuliza hata, akapiga chini kando ya mguu wa kipa. Kipa hakusogea. Niliruka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna. Nilipotua nilimwona anageuka, anatafuta kando ya mstari, na aliyemtafuta alikuwa yule bwana mwenye mikono mikubwa. Waliinuliana vidole gumba.

Iliniuma. Siwezi kuipamba. Iliniuma kama kibao cha mtu unayempenda, na sikuwa na wa kumlaumu. Kipindi cha pili akafunga la pili.

Tukapanda treni Hagsätra, behewa karibu tupu. Akakaa dirishani, akaweka begi kwenye kiti cha kando. Nikakaa ng'ambo yake. Nilikuwa na mambo ya kumwambia kuhusu mkimbio wake wa mwanzo, nikafungua mdomo.

"Pappa," alisema kwa Kiswidi. Vile vya masikioni vilikuwa mkononi. "Karatasi zake. Ulikuwa umezisoma?"

Kwa Kiswahili ningekuwa na njia arobaini. Ningeanza na kwamba katibu ana mafaili mengi, ningepita kwa mwenyekiti na miwani yake, ningesema mambo ni mengi mwanangu, na tungefika Vällingby bado nazunguka. Kwa hiyo nilijibu kwa lugha yake, ambayo sijui kuzungukia.

"Ja," nilisema. Ndiyo, basi.

"Kabla ya kwenda kwake?"

"Ja."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Treni ikasimama Rågsved, milango ikafunguka, hakuna aliyeingia. Jibu la swali hilo sikuliweza kwa Kiswidi.

"Kwa sababu nje ya uwanja hunitazami," nilimwambia kwa Kiswahili. "Pale uwanjani nikikuita unageuka. Sikutaka kuipoteza hiyo. Timu sikuifikiria."

Alitazama nje mpaka Högdalen. Nilijua nimemharibia hata furaha ya mabao yake mawili, na nilijua ana haki ya kuvaa vile vya masikioni na kutovivua tena. Kabla ya Bandhagen akalinyanyua begi kutoka kwenye kiti, akaliweka chini, katikati ya miguu yake.

"Kaa hapa," alisema. "Lakini usinifundishe kitu."

Nikahamia. Bega lake lilikuwa limelowa mvua na jasho. Mpaka Gullmarsplan nilikuwa nimeuma ulimi mara tatu. Bao la pili, kwa maoni yangu, lilikuwa la kuotea. Sikusema.